Mitihani ya Karatasi kwa Mwenye Kutaka Kurusha Ndege

Wapo vijana wengi ambao, waonapo ndege ndogo ikipita juu ya mashamba yao, husema moyoni, "Siku moja nami nitashika usukani wa chombo kile." Tamaa hiyo ni njema. Walakini wengi wao hudhani ya kwamba kazi yote ya kujifunza urubani hufanyika huko huko juu, kwa mikono na macho, kama mtu ajifunzavyo kupanda baiskeli. Hawajui ya kuwa kabla ya kupewa cheti mwanafunzi hana budi kukaa mezani miezi mingi, pamoja na kitabu na ramani na rula na kalamu ya risasi, kisha kufanya mitihani. Katika mazungumzo haya twataka kueleza mitihani hiyo ni ya nini, na jinsi mtu awezavyo kuishinda yote na hali bado hajajua jambo litakalomponya.

Cheti tunachokinena ni kile cha rubani binafsi, yaani mtu arushaye ndege kwa haja zake mwenyewe pasipo kulipwa ujira. Mwaka 1944 wajumbe wa mataifa walikutana katika mji wa Chicago, Marekani, wakafanya mapatano juu ya usafiri wa angani, na kutokana na mapatano hayo zikatungwa kanuni zifuatwazo hata leo karibu ulimwenguni kote. Kwa kanuni hizo, mwenye kutaka cheti awe ametimiza umri wa miaka 17, na awe amekwisha kuruka saa 40 kwa uchache, au 35 ikiwa amefundishwa kwa utaratibu uliokubaliwa na serikali. Na katika saa hizo, 10 awe peke yake ndani ya ndege. Nchi nyingine huongeza. Uingereza hutaka saa 45. Tena kanuni zataja mambo tisa ambayo yampasa ayajue: sheria za angani, ndege na injini yake, hesabu za mizigo na mwendo, mwili na akili za mwanadamu, hali ya hewa, kushika njia, taratibu za kazi, sababu za ndege kuruka, na kusema kwa redio. Katika Uingereza na nchi nyingi za Ulaya kila jambo lina mtihani wake. Kila swali huandikiwa majibu manne, mwanafunzi achague moja. Naye hushinda akipata alama 75 katika 100. Akiisha kuanza mtihani wa kwanza, hupewa miezi 18 kuimaliza yote.

Hapo ndipo penye mtego. Kwa kuwa majibu yamekwisha kuandikwa, na kwa kuwa vitabu vya maswali ya mfano vyauzwa, mwanafunzi mvivu huona ni rahisi zaidi kuyashika maswali kwa moyo kama kasuku kuliko kuifahamu maana yake. Husoma swali mara ishirini, akajua ya kuwa jibu lake ni la tatu. Aonapo swali hilo katika mtihani, hutia alama yake na kuendelea. Hashikwi na mtu. Karatasi yake ni safi, na mwalimu humpa mkono.

Na tuchukue swali moja, tulione. Mwanafunzi huulizwa ni kitu gani kilifanyacho bawa la ndege liache kuinua. Wengi hujibu upesi, "Ni kwenda polepole." Jibu hilo si sahihi. Bawa huinua kwa sababu laipokea hewa kwa pembe ndogo. Pembe hiyo ikizidi digrii 15 au 16 hivi, hewa ya juu ya bawa haiwezi tena kulifuata, hukatika na kuvurugika, na bawa huacha kuinua, hata ikiwa ndege yaenda mbio. Ndege igeukapo kwa kulala sana ubavu, bawa hubeba zaidi ya uzito wa kila siku. Ikilala digrii 60 bila kupoteza kimo, huwa kana kwamba uzito wake umekuwa mara mbili; na ndege ambayo katika kwenda sawasawa huanguka ikipungua maili 50 za baharini kwa saa, sasa huanguka ikipungua karibu 71. Mtu aliyejua haya hatageuka kwa nguvu akiwa karibu na ardhi, anapokuja kutua na kuona ya kuwa ameupita mstari wa uwanja. Yule aliyeshika herufi ya jibu tu huvuta usukani, na kimo alichonacho hakimtoshi kuirekebisha ndege.

Lakini katika masomo yote tisa, lile ambalo latupasa sisi wa nchi za bara kulitazama kwa makini ni hesabu ya hewa nyembamba. Msomaji mwenye karatasi na aifuate pamoja nasi. Vitabu vingi vya urubani vimetungwa na watu wa nchi zilizo karibu na usawa wa bahari, zenye baridi. Wao husoma hesabu hii, wakaifanya katika mtihani, na pengine wasiihitaji tena maisha yao yote. Uwanja wa Wilson pale Nairobi, ambao tangu 1962 waitwa kwa jina la Florence Kerr Wilson, bibi aliyeanzisha kampuni ya ndege mjini humo mwaka 1929, uko juu ya bahari futi 5,500 na ushei. Ndege nyingi ndogo huruka hapo, na wanafunzi wengi hufundishwa hapo.

Wataalamu wamekubaliana juu ya hewa ya kadiri: katika usawa wa bahari joto lake ni digrii 15 za sentigredi, nalo hupungua digrii 2 hivi kwa kila futi 1,000 za kupanda. Basi katika futi 5,500 joto la kadiri ni 15 kutoa 11, yaani digrii 4. Tuseme ni alasiri ya mwezi wa Februari pale Wilson, na kipimajoto chaonyesha digrii 28. Tofauti ni digrii 24. Kwa kila digrii moja iliyozidi, hewa hukonda kana kwamba tumepanda futi 120 zaidi. Mara 24 ni futi 2,880. Jumlisha na futi 5,500: tunapata futi 8,380. Maana yake ni kwamba ndege ile, ingawa magurudumu yake yangali juu ya lami ya Nairobi, yaruka katika hewa nyembamba kama ile ya mlima wa futi 8,400.

Mambo matatu hudhoofika pamoja. Injini isiyo na chombo cha kuishindilia hewa hupungukiwa karibu robo ya nguvu zake, kwa maana yapata hewa kidogo ya kuchomea petroli. Rafadha iliyo puani, ambayo kazi yake ni kuisukuma hewa nyuma, haipati hewa ya kutosha ya kushika. Na mabawa nayo yataka mwendo zaidi kabla ya kuinua uzito ule ule. Kwa hiyo ndege huhitaji karibu mara mbili ya urefu wa njia ambao ingetumia pale pwani siku ya baridi; tena ikiisha kuacha ardhi, hupanda kwa uvivu. Upande wa magharibi-kusini vyasimama vilima vya Ngong, ambavyo kilele chake chapita futi 8,000. Mwenye kuelekea huko na abiria watatu na matangi yaliyojaa, asipofanya hesabu hii kabla ya kuwasha injini, atakuja kuifanya mbele ya vilima, na huko hapana nafasi ya kugeukia.

Hatari yake ni kwamba chombo cha kuonyesha mwendo hakimwambii lo lote. Mshale waonyesha namba ile ile aliyozoea, injini yavuma vile vile, na asubuhi, kulipokuwa na baridi, ndege hiyo hiyo iliruka vizuri. Hakuna ishara ila karatasi. Ndiyo sababu twasema ya kwamba mtihani huu si desturi tupu ya serikali.

Pamoja na hesabu hiyo huja hesabu ya mizigo, ambayo ni nyepesi kuifahamu kwa mtu aliyepata kumwona mchukuzi wa mzega. Akitia debe zito mbele na jepesi nyuma, hana budi kusogeza bega. Na ndege ina bega lake pia, ila haliwezi kusogezwa mbali. Lita 100 za petroli ya ndege ni kilo 72. Mtu, mkoba wake, na ndizi alizopewa na jamaa zake hupimwa na kuandikwa, kila kimoja pamoja na umbali wake kutoka mahali pa kupimia. Uzito ukizidi nyuma, pua huinuka yenyewe na rubani hawezi kuishusha. Ni aibu kumwuliza mgeni uzito wake, twakubali. Rubani na aizoee aibu hiyo.

Somo la hali ya hewa ni refu, nasi tutataja mawili tu. La kwanza ni chombo cha kupimia kimo. Chombo hicho hakijui ardhi iko wapi. Chajua uzito wa hewa tu, na kwa kila hektopaskali moja huhesabu futi 30 hivi. Rubani hukitengeneza kwa kipimo cha mahali alipo. Akiondoka mahali penye 1018 na kufika penye 1008 bila kukirekebisha, chombo humwambia yuko futi 300 juu zaidi kuliko alivyo kweli. Kwetu karibu na Ikweta kipimo cha hewa hakibadiliki sana tangu siku hata siku, nasi huweza kulisahau somo hili. Lakini katika Uingereza dhoruba moja huweza kukishusha hektopaskali 20 au zaidi, na mwanafunzi aliyejifunza Afrika akaenda kuruka huko hana budi kukumbuka.

La pili laonekana kama mzaha: barafu ndani ya injini siku ya jua. Katika kabureta petroli hugeuka kuwa mvuke, na hewa hupita mahali pembamba na kutanuka. Mambo hayo mawili huondoa joto. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu iliyo ndugu ya hiyo, yaani maji yatokayo nje hukauka na kuchukua joto. Ndani ya kabureta joto huweza kushuka digrii 20 au zaidi, na kama hewa ina unyevu mwingi, barafu hujijenga na kuziba njia, hata ikiwa nje ni digrii 25. Injini huanza kupoteza nguvu kidogo kidogo. Dawa yake ni kuvuta kishikio kiletacho hewa ya moto. Mara barafu inapoyeyuka, maji huingia katika injini nayo hukohoa na kutetemeka kupita kwanza. Na yule ambaye hakuelewa sababu hushtuka, akakirudisha kishikio mahali pake, akaziba tena njia ya injini yake.

Kushika njia ni somo ambalo manahodha wa pwani wangelipokea kama mtoto wao. Dira ni ile ile, nyuzi ni zile zile, na hata maili ni ya baharini, mita 1,852. Tuseme rubani aruka Mombasa hadi Malindi, karibu maili 60, katika ndege iendayo maili 90 kwa saa, na upepo wa kusi wamsukuma kutoka nyuma kwa maili 20. Atakwenda 110 kwa saa na kufika kwa dakika 33 hivi. Katika kurudi atakwenda 70 tu, na safari itachukua zaidi ya dakika 51. Jumla ni dakika 84. Na kama pasingekuwa na upepo zingekuwa 80. Upepo haurudishi sawasawa na ulivyochukua, na aliyepima petroli yake kwa safari ya kwenda akaizidisha mara mbili amejidanganya. Kuna kanuni nyingine ya kukosa njia: katika maili 60, kosa la digrii moja humtupa mtu maili moja kando. Aliyeruka maili 30 akajiona yuko maili 3 kando, amekosa kwa digrii 6. Ageuke 6 ili aende sambamba na mstari wake, na 6 tena ikiwa maili zilizosalia ni 30, ndipo atakapofika. Kweli, mwenye kwenda Malindi hana haja kubwa ya kanuni hiyo, maana pwani yenyewe ndiyo njia yake. Lakini juu ya nyika isiyo na barabara wala mto, kalamu ya risasi hufanya kazi ya pwani.

Juu ya sheria tutasema machache, kwa kuwa zataka kusomwa zaidi kuliko kuelezwa. Ndege mbili zikikabiliana uso kwa uso, kila moja hugeuka kuume. Zikikutana kama katika njia panda, aliye na mwenzake upande wake wa kuume ndiye ampishaye. Aghalabu mtihani wa sheria hufanywa kwanza, kabla mwanafunzi hajaachwa kuruka peke yake. Kusema kwa redio nako huonekana kuwa kazi ya kukariri, na kwa sehemu ndivyo kulivyo, lakini maneno yake yamechujwa kwa damu. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili kubwa za abiria ziligongana chini katika ukungu, wakafa watu 583. Moja ilianza kuruka na hali haijapewa ruhusa, maana maneno ya redio yalisikiwa hivi na huyu na vile na yule. Tangu hapo neno la kuruka halitamkwi na mwongozaji ila anapotoa ruhusa yenyewe au kuifuta. Na rubani hurudia agizo neno kwa neno.

Limesalia somo la mwili wa mwanadamu, ambalo vijana hulidharau kwa kuwa halina hesabu. Mtoto azungukaye kama pia, kisha akasimama, huona nyumba zingali zazunguka. Maana katika sikio la ndani mna maji, nayo hayatulii mara moja. Ndani ya wingu rubani asiyeona upeo wa macho hudanganywa na maji hayo hayo. Ndege yalala ubavu, naye huona imekaa sawa. Akiinyosha, mwili wote humlilia kwamba sasa ndiyo imepinda. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilichapisha habari za majaribio ya marubani 20 wasiofundishwa kuruka kwa kutazama vyombo. Walizibwa macho wasione nje, wakaachwa waendeshe, mwalimu akiwa kando yao. Wote 20 waliipoteza ndege, na wastani wa muda wao ulikuwa sekunde 178, yaani hazitimii dakika tatu. Hapo hapo wakafundishwa njia fupi ya kuigeuza ndege polepole na kurudi walikotoka, na karibu kila jaribio la baadaye lilifaulu. Katika mtihani swali la jambo hili ni moja au mawili tu.

Basi mwanafunzi asome namna gani? Vitabu vingi vya elimu hii vimeandikwa kwa Kiingereza, na hapo mwanafunzi wetu hupata mzigo wa pili: huweza kulijua neno na asikijue kitu chenyewe. Tumeona ya kwamba njia ifaayo ni kumweleza mtu mwingine kila somo kwa Kiswahili, bila kutumia neno moja la kitabuni: amweleze ndugu yake, au mama yake, kwa nini ndege huchelewa kuruka wakati wa joto. Akikwama katikati, mahali alipokwama ndipo pa kurudi kusoma. Kadhalika asome karibu na ndege. Saa moja ya kusimama kando yake pamoja na kitabu chake cha vipimo, akifanya hesabu ya siku ile ile, kwa joto la siku ile na uzito wa watu walioko, yafaa kuliko jioni tatu za maswali ya mfano. Hayo maswali tusiyatupe. Yatumike mwishoni, kwa kujipima. Na yale aliyoyakosa katika mtihani wenyewe, hata akiwa ameshinda, amwombe mwalimu ayapitie pamoja naye; maana alama 75 katika 100 huacha robo nzima ya kitabu ambayo haikuulizwa tena na mtu.

Mitihani ikiisha, bado hajapewa cheti. Mtahini hupanda pamoja naye, na wakiwa juu huvuta kishikio cha injini mpaka mwisho na kumwuliza upepo watoka wapi, na ni shamba lipi atakalolitua. Mwanafunzi asikawie kufika siku hiyo. Kwa sheria za Uingereza na za Ulaya, ushindi wa mitihani ya karatasi hudumu miezi 24 tangu alipomaliza wa mwisho. Ikipita kabla hajapata cheti, hana budi kurudi mezani na kuifanya yote tena.